Mkono wa Kushoto

Bati la biskuti, kifuniko kimeshika kutu;
shangazi Adolfina alilificha nyuma ya magunia ya unga
na hakuna aliyelisogeza mpaka siku ya tatu ya matanga,
tulipokuwa tunatafuta chumvi.

Ndani, watu arobaini, labda zaidi,
wadogo kama karata, kingo zao zimekatwa meno meno,
na mgongoni mwa kila mmoja muhuri wa zambarau:
Studio Mukalayi, Kamalondo, Elisabethville. Ukumbusho.

Wote wamesimama penye ngazi ileile.
Ngazi ya rangi juu ya kitambaa, inapanda
kwenda kwenye jumba ambalo mchoraji hakulimaliza,
na pale kitambaa kilipojikunja
kidato cha nne kimevunjika miaka yote.

Wote wamevaa saa ileile.
Nimezisogeza dirishani: saa nane kasoro dakika tatu.
Bi harusi, saa nane kasoro dakika tatu.
Mapacha wa Musau, mmoja ameivaa, mwenzake anaitazama,
saa nane kasoro dakika tatu.
Karani wa posta, kalamu nne kifuani
(moja tu ilikuwa na wino, alisema mama, akacheka
mara ya kwanza tangu mazishi).
Mtaa mzima uliishi humo, katika dakika moja
ya saa iliyokufa, saa ya kuazima, faranga mbili
pamoja na koti.

Koti nalo: mbele bwana, nyuma pini.

Halafu babu.
Kyungu wa Tanuri, ndivyo walivyomwita,
mwenye harufu ya shaba hata akitoka kuoga.
Alikwenda studio Jumapili, wiki ya sita baada ya ajali,
bendeji bado inanuka dawa ya hospitali ya kampuni.
Barua ilikuwa imefika: mama yake, kule Bukama,
amesikia mwanawe amekatika,
anataka kumwona mzima.

Mukalayi hakuuliza ni vidole vingapi.
Aliizunguka kamera yake, akarudi, akasema:
"Weka mu mufuko, baba. Ule wa kushoto.
Sasa inua kidevu. Sawa vile unamudai mutu feza."
Na saa akaihamishia mkono wa kulia.

Picha ikakaa kwenye kioo cha duka mwezi mzima
ikisubiri kulipiwa, nusu nusu.
Ndiyo maana, ukizipanga kwa tarehe kama nilivyozipanga
juu ya mkeka, kati ya sahani za wageni,
unaona: kabla ya Agosti hamsini na sita
mikono inaning'inia tu, haijui pa kwenda.
Baada ya Agosti,
kijana baada ya kijana, kushoto mfukoni,
saa kulia, kidevu juu.
Hata karani. Hata mvulana wa miaka saba
mwenye kaptula isiyo na mfuko,
ameuficha mkono nyuma ya paja.
Walidhani ni ungwana.
Pengine ulikuwa.

Mama wa Bukama aliitundika juu ya kitanda,
akawaambia majirani, mnaona, amenenepa.
Alikufa hajauona ule mkono.

Nakala iliyobaki kwetu, chini ya muhuri,
ina mwandiko wa penseli:
deni, faranga tano.

Jana nimepita pale, nyuma ya soko.
Ni kibanda cha yuniti na chaja za simu.
Binti wa miaka ishirini hivi, kucha za kijani;
nilichungulia ukuta nyuma yake kama una ngazi.
Nikamwambia nina deni hapa, la tangu wakati wa Wabelgiji.
Akasema, "Weye unataka Airtel ao Vodacom?"

Nikaingiza mkono wa kushoto mfukoni kutafuta pesa.
Ukakawia humo.
Vidole vitano, nilivihesabu kimoja kimoja,
naye ananisubiri,
nami nimeinua kidevu, sijui kwa nini.